Dozi ya kuruka: kisa cha mtoto mwenye mzio wa karanga katika kliniki ya mji mdogo Uganda

Kisa hiki kilitokea katika kliniki ya binafsi ya mji mmoja mashariki mwa Uganda. Jina la mtoto si lake, mji hautajwi, na mambo machache ya familia yamebadilishwa ili wasitambulike. Vipimo, mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimeachwa kama vilivyo kwenye faili na kama wahusika walivyosimulia. Kimeandikwa kwa ajili ya watoa huduma wa vituo vidogo. Mzazi anaweza kukisoma pia, ila asikijaribu jikoni kwake: karanga zilizotumika hapa kama dawa, kwa dozi ndogo za kila siku, ndizo zilizokaribia kumuua mtoto huyu.

## Usuli

Saidi alikuwa na miaka sita na kilo 20 alipoletwa. Baba yake ni wakala wa forodha mpakani, mama anauza vitenge sokoni. Nyumbani wanasema Kiswahili kwa kuwa kila mmoja ametoka kabila lake. Bibi mzaa baba anaishi nao, naye ndiye anayebaki na watoto mchana.

Mara ya kwanza mzio ulipojitokeza hakuwa ametimiza mwaka na nusu. Alikunywa uji wa ulezi uliochanganywa na karanga za kusaga, midomo ikavimba, akatapika, mabaka yakamjaa mwilini. Familia ikalaumu ulezi. Mara ya pili ilikuwa kipande cha kuku kilichopakuliwa kwa mwiko uliotoka kwenye sufuria ya binyebwa, yaani mchuzi wa karanga. Ya tatu ndiyo iliyowatisha. Msibani, watoto walikaa kwenye sinia moja la matoke na mchuzi. Kifua kikambana, sauti ikamkauka, akafikishwa hospitali amelegea juu ya boda boda, katikati ya baba na dereva. Adrenalini, sindano ya dharura ya mzio mkali, aliipata kwa kuchelewa, lakini aliipata.

Waliporudi nyumbani walikuwa na ushauri wa mstari mmoja: asile karanga. Ushauri huo ni sahihi, na London unatekelezeka kwa kiasi chake, maana kila pakiti ina maandishi ya kilichomo. Uganda, karanga haiko kwenye pakiti. Iko kwenye mchuzi wa binyebwa, kwenye uji, kwenye odii ya kaskazini inayoliwa na muhogo au viazi, kwenye mboga za majani zilizoungwa, na hata kwenye chakula-tiba cha watoto wenye utapiamlo, kile cha pakiti kama Plumpy'Nut. Msimu wa mavuno huanikwa uani kwa jirani. Mama Saidi alimwambia daktari: "Nimkataze kula, sawa. Nimkataze na kwenda kwa watu?"

Jambo la pili lilikuwa pumu. Saidi alikuwa na inhela ya salbutamoli tu, ile ya kufungua kifua kikibana, na aliitumia karibu kila wiki.

## Je, kweli ni karanga?

Damu ilipelekwa maabara ya Kampala na kipimo cha IgE ya karanga, yaani kingamwili ya mzio, kikarudi juu. Kwingineko, kipimo hicho na historia ile vingetosha. Kwa Uganda kipimo cha IgE ya karanga nzima kisomwe kwa tahadhari. Mtu mwenye minyoo, hasa ya kichocho, hutengeneza kingamwili dhidi ya vipande vya sukari ambavyo viko kwa mnyoo na viko kwenye karanga pia. Kipimo kinapanda ilhali mwenyewe anakula karanga bila shida yoyote. Hali hiyo ilionyeshwa kwa watoto wa shule nchini Ghana katika utafiti uliochapishwa 2013, na watafiti walioko Entebbe wamekuta mambo ya namna hiyo kwa wakazi wa Ziwa Victoria. Ukimwanzishia tiba mtoto wa aina hiyo utakuwa umemtibu ugonjwa asiokuwa nao, kisha utajisifu bure kwamba amepona.

Kipimo cha protini moja moja, hasa Ara h 2, kingesaidia kutenganisha, lakini hakikupatikana kwa urahisi. Ikaamuliwa afanyiwe jaribio la kula chini ya uangalizi, wodini katika hospitali ya rufaa, kanula, mrija wa kupitishia dawa mshipani, ikiwa mkononi na oksijeni kando ya kitanda. Alianza na miligramu 3 za protini ya karanga, kisha 10, 30 na 100, akipumzishwa nusu saa kati ya dozi na dozi. Baada ya 100 alianza kujikuna shingo. Dakika ishirini hazijaisha, akatapika, na mabaka yakatokea tumboni na mgongoni. Alichomwa adrenalini miligramu 0.2 kwenye paja, akatulia.

Mzio ulikuwa wa kweli, basi, na kiwango chake kilijulikana: jumla ya miligramu 143 za protini. Kwa kuwa protini ni karibu robo ya uzito wa karanga, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu gramu, yaani punje moja na kidogo ya zile ndogo nyekundu za sokoni.

## Uamuzi wa kuanza, na masharti yake

Tiba yenyewe, imunotherapi ya mdomo, si siri. Mtoto hupewa kiasi kidogo mno cha kile kinachomdhuru, kila siku, na kiasi hicho hupandishwa hatua kwa hatua mbele ya mtoa huduma mpaka mwili uvumilie dozi ya kudumu. Marekani iliidhinisha unga maalumu wa karanga, Palforzia, Januari 2020, kwa watoto wa miaka 4 hadi 17. Katika jaribio kubwa lililotangulia idhini hiyo, lililochapishwa 2018, asilimia 67.2 ya waliotibiwa waliweza kuvumilia miligramu 600 za protini kwa mkupuo, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa unga usio na karanga.

Mzazi akisikia namba hizo peke yake amedanganywa. Uchambuzi uliojumlisha majaribio 12, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba waliokuwa kwenye tiba walipata anafilaksisi, yaani mzio mkali unaoweza kuua, zaidi kuliko waliokaa mbali na karanga tu: asilimia 22.2 kwa 7.1. Tiba inampa mtoto kinga dhidi ya ajali ya mwiko, na kwa malipo inamletea karanga nyumbani kila siku. Daktari aliwasomea wazazi namba zote mbili kwenye kikao kimoja, naye alifanya vyema kumwita na bibi.

Baba alitaka mwana apone kabisa na aende shule ya bweni akifika P4, darasa la nne. Daktari alimjibu waziwazi kwamba hatampa ahadi hiyo. Lengo lililoandikwa kwenye faili lilikuwa dogo: Saidi avumilie miligramu 300 za protini kila siku, ili mchuzi uliogusa sahani yake usimlaze. Binyebwa ya bakuli zima haikuwa sehemu ya mpango. Kiasi hicho hakikuchaguliwa kwa uoga. Utafiti wa watoto wa chini ya miaka mitatu uliochapishwa 2017 ulilinganisha miligramu 300 na 3,000 kwa siku, na dozi ndogo haikuachwa nyuma. Saidi alikuwa mkubwa kuliko watoto hao, lakini kwa kituo kisicho na wodi dozi ndogo ndiyo busara.

Masharti yalikuwa manne. Pumu itulizwe kwanza. Watu wazima wawili wa nyumbani wajue kuchoma adrenalini. Nyumba iwe umbali wa kufika kliniki ndani ya nusu saa. Na simu ipokelewe, usiku na mchana. Pumu ilichukua miezi mitatu: beklometasoni, dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu, ya kila siku kwa kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa, na kifaa cha kupulizia cha kupima nguvu ya pumzi, chenye alama nyekundu pembeni. Pumzi ikishuka chini ya asilimia 80 ya kipimo chake bora, hakuna kupandisha dozi siku hiyo.

Kliniki ilitenga Alhamisi asubuhi kwa sababu soko halikai siku hiyo na foleni ni fupi. Sista mmoja hukaa na mtoto saa nzima baada ya dozi, hana kazi nyingine. Hapa ndipo gharama halisi ya tiba hii ilipo. Vifaa havikuwa ghali. Ghali ilikuwa saa ya sista, na kituo kisichoweza kuitoa hiyo kisianze.

## Mizani ya sonara

Palforzia haikupatikana. Mfamasia aliagiza kutoka Nairobi unga wa karanga uliokamuliwa mafuta, ambao lebo yake husema protini ni nusu ya uzito. Karanga nzima iliyosagwa ina mafuta mengi, inagandamana kwenye kijiko, na huwezi kuigawa kwa miligramu.

Mizani ndiyo iliyoleta mjadala. Sehemu hii ya nchi ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, hivyo mizani midogo ya betri si adimu, na mtu alipendekeza waazime kwa mnunuzi. Ile waliyoonyeshwa ilisoma hadi gramu 0.01. Kwa dhahabu inatosha, lakini gramu 0.01 ni miligramu 10, na dozi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa miligramu 3 za protini. Walinunua yenye kusoma gramu 0.001, pamoja na jiwe la kujaribia, na kila asubuhi ya Alhamisi jiwe linapimwa kabla ya unga.

Hata hiyo haikutosha kwa dozi za mwanzo, na familia haikuwa na friji ya kutunzia maji ya dawa. Njia waliyoipata naiona nzuri. Mfamasia alifunga vikaratasi vya miligramu 100 za unga, ambazo ni protini miligramu 50, akivikunja kama wafamasia wa zamani walivyofunga poda. Nyumbani mama humimina kikaratasi kimoja kwenye mililita 10 za maji yaliyochemshwa na kupoa, hutikisa, huvuta kwa sirinji isiyo na sindano kiasi kilichoandikwa, na kinachobaki humwaga. Kila mililita ina miligramu 5. Dozi ya miligramu 3 ni mililita 0.6, ya 12 ni mililita 2.4. Kila asubuhi ni mchanganyiko mpya, hakuna kinachochacha.

Udhaifu wake ni mmoja, nao si mdogo. Mtu asiyejua akimpa mtoto kikaratasi kizima, amempa miligramu 50 badala ya 3. Kliniki ilijibu kwa kumtaka mama aonyeshe mwenyewe zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka, na kwa kuandika juu ya kila bahasha kwa wino mwekundu "SI CHOTE". Mimi ningesita hapo. Vikaratasi vidogo zaidi vingeongeza kosa la mizani, ni kweli, lakini kosa la asilimia kumi si kitu mbele ya kosa la mara kumi na saba.

Kuanzia miligramu 40 walihamia vikaratasi vya dozi moja kamili vya kunyunyiza kwenye uji, na hatari hiyo ikaisha.

Njia nyingine ilifikiriwa ikaachwa. Karanga zikichemshwa kwa muda mrefu, sehemu ya protini huhamia kwenye maji na ukali wake hupungua. Watafiti wa Australia walitumia karanga zilizochemshwa saa 12, kisha saa 2, kisha za kukaanga, na katika matokeo ya 2023 watoto 56 kati ya 70 walifaulu. Lakini saa 12 za kuni kwa kila kundi la karanga, na moto unaobadilika kila nusu saa? Kliniki ilisema hapana.

## Miezi ya kwanza

Siku ya kwanza ilianza na nusu miligramu na kuishia miligramu 6 bila tatizo. Saidi akarudi nyumbani na dozi ya 3, na kila wiki mbili akapanda: 6, 12, 20, 40, 80. Dozi ilitolewa baada ya kula. Baada yake kulikuwa na saa mbili bila mpira, bila kukimbia na bila maji ya moto ya kuoga, na alipaswa kuwa macho saa nzima kabla ya kulala.

Saa ya dozi ilihama mara kadhaa. Asubuhi aliwahi shule na uji haukunyweka. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ya mpira, na hakuna mtoto wa miaka sita atakayekaa barazani akitazama wenzake. Wakatulia kwenye chakula cha saa moja usiku, kulala ni saa tatu. Mwishoni mwa wiki, mama akiwa na zamu ndefu sokoni, bibi alimpa asubuhi baada ya chai nzito. Ramadhani ilipoingia Saidi alitaka kufunga nusu siku kama kaka zake. Kwa kuwa tumbo tupu huongeza hatari, aliruhusiwa, ila dozi ikawa saa nzima baada ya futari.

Kwenye miligramu 80 alianza kulalamika tumbo kila jioni, na mara mbili akatapika. Hilo lina uzito wake. Wachache wanaopata tiba hii hupata uvimbe wa koo la chakula, na uhakika wake hupatikana kwa kuingiza kamera, kipimo ambacho kingemaanisha safari na gharama ambazo familia haikuwa nazo. Kliniki ilirudi hadi miligramu 40, ikakaa hapo mwezi mzima, maumivu yakaisha, ikapanda upya kwa hatua fupi zaidi. Baba alilalamika kwamba wanarudi nyuma. Faili lina jibu la daktari kwa herufi kubwa: HATUNA HARAKA.

## Asubuhi ya malaria

Tukio lenyewe lilikuja kwenye miligramu 120, dozi aliyokuwa ameizoea kwa siku kadhaa.

Ijumaa usiku Saidi alipata homa. Jumamosi mapema mama alimpitisha duka la dawa la jirani, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, wakapewa dawa ya mseto na sharubati ya ibuprofeni ya kushusha homa. Mama akamwacha kwa bibi, akaenda sokoni. Bibi alimpa dawa ya malaria, akampa ibuprofeni, akamlazimisha vijiko vichache vya uji, kisha akamnyunyizia kikaratasi cha karanga.

Dakika arobaini baadaye mtoto alikuwa na mabaka uso mzima, anakohoa, kifua kinalia filimbi. Kisanduku cha adrenalini kilikuwa rafuni: vichupa viwili, sirinji, sindano na karatasi ya maelekezo. Bibi alikuwa amefundishwa. Alivunja kichupa cha kwanza kikapasuka mkononi na kumkata kidole, cha pili hakujaribu. Akamwita dereva wa boda boda wa kona. Walifika kliniki Saidi akiwa bado anazungumza, lakini kwa neno moja moja. Alipata adrenalini mara mbili, oksijeni, salbutamoli, na usiku mmoja hospitalini kwa uangalizi.

Homa, ibuprofeni na tumbo karibu tupu: kila moja kati ya hizo hushusha kiwango ambacho mwili unaweza kuvumilia, na siku hiyo zote tatu zilikutana juu ya dozi ambayo juzi yake haikumfanya lolote. Kitabibu hakuna fumbo.

Fumbo lilikuwa kwa bibi, maana karatasi ya kliniki ilisema kwenye mstari wa saba kwamba mtoto mwenye homa asipewe. Sista alipomuuliza kwa upole, bibi alijibu: "Si nyinyi waganga mnaotuambia dawa haikatizwi? Nilimsimamia jirani yangu wa kifua kikuu miezi sita, hakuruka hata siku moja, akapona. Huyu nimkatize kwa homa?"

## Matokeo

Dozi ilishushwa hadi 60, ikapandishwa upya, na baada ya mwaka na ushei Saidi alifika miligramu 300. Jaribio la kula lilirudiwa wodini. Alimaliza jumla ya miligramu 1,000 za protini akiwa na mwasho mdogo mdomoni tu. Alipoanza alikuwa ameishia 143.

Sasa anakula gramu 1.2 za karanga za kukaanga zilizosagwa kila usiku. Hazipendi. Harufu yake inamkera, na mama huzificha ndani ya chapati iliyokunjwa na sukari. Amewahi kula kwa bahati mbaya mboga iliyoungwa karanga nyumbani kwa rafiki, hakupata kitu. Bweni limeahirishwa, na baba hajafurahi.

## Uchambuzi

Jibu la bibi ndilo kiini cha kisa hiki. Watu wa Uganda wamefundishwa kwa miaka mingi, na kwa sababu nzuri, kwamba dozi hairukwi. ARV, dawa za kifua kikuu, dawa ya mseto ya malaria: zote zina wimbo huohuo, na wimbo huo umeokoa maisha. Imunotherapi ya mdomo inakuja na kikaratasi kinachofanana na dawa, kutoka dirisha lilelile la dawa, kwa mkono wa sista yuleyule, halafu inadai kinyume: kuna siku ambayo kutotoa ndiko kutibu. Mstari wa saba kwenye karatasi hauwezi kushindana na mafunzo ya maisha mazima. Bibi hakuwa mzembe. Alikuwa mfuasi bora wa ushauri wa afya katika nyumba ile.

Kliniki ilibadilisha mambo matatu baada ya hapo. La kwanza, vikaratasi vya karanga havitoki tena dirisha la dawa. Sista huvitoa chumbani kwake, ndani ya kopo lenye picha ya karanga, na huitwa "chakula cha mazoezi". Linasikika dogo, lakini baada ya hapo familia iliuliza maswali tofauti. La pili, juu ya kopo kuna kadi ya picha: kipimajoto, mtoto anayeharisha, kifua, chupa ya ibuprofeni, sahani tupu, mtoto aliyekesha msibani. Ukiona moja, kopo halifunguliwi. Kuruka siku mbili ni ruhusa bila kuuliza mtu. Siku tatu au zaidi, mtoto arudi kliniki aanze na nusu dozi akiwa ametazamwa. La tatu, anayefundishwa kwanza ni yule anayebaki na mtoto mchana. Mama alijua kila kitu, lakini saa ile alikuwa sokoni.

Kuhusu adrenalini, sharti la watu wawili lilitimizwa kwenye karatasi na likashindwa mkononi. Kalamu za kujichoma ni nadra nchini, hivyo vichupa ndivyo tulivyonavyo, lakini kuvunja kichupa huku mtoto anakoroma ni kazi ya mtu aliyezoea. Sasa kliniki hutoa sirinji ya mililita moja iliyokwisha kuvutwa mililita 0.2, imezibwa, ndani ya kasha lisilopitisha mwanga, mbali na joto la jiko, na hubadilishwa kila anapokuja. Sindano ni ya sentimita 2.5. Wapo wanaopendekeza sirinji ya insulini kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Sindano yake ni fupi, dawa inaishia chini ya ngozi na inachelewa kufanya kazi. Mtoto akiongezeka uzito, alama ihamishwe.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni jaribio la kula la mwanzo. Lilikuwa la usumbufu, lilimtisha mama, lilihitaji kitanda cha hospitali. Lakini bila hilo kliniki isingejua kama inatibu mzio au kivuli cha minyoo, na isingekuwa na kitu cha kulinganisha mwishoni. Kuituliza pumu kwanza nako sikuoni mbadala. Siku ya malaria, kifua kilichokuwa kimepumzishwa kwa miezi ndicho kilichompa muda wa kufika.

Jambo moja bado linahitaji mkono: kuhesabu punje. Miongozo mingi ya ng'ambo husema punje moja ni miligramu 250 hadi 300 za protini, nayo inasema kweli kwa karanga zao kubwa. Mfamasia alipima nyekundu za sokoni kwetu, kumi zikakaribia gramu nne na nusu, hivyo dozi ya Saidi ni karibu punje tatu. Mwezi mmoja shangazi alileta kutoka Kampala karanga kubwa za dukani, na punje tatu za hizo zingekuwa zaidi ya mara mbili ya dozi. Mama aliona tofauti akapiga simu. Kopo lenye kijiko cha kipimo kilichojazwa kliniki ni salama kuliko hesabu yoyote.

Wengine huuliza kuhusu sumukuvu, kwa kuwa mtoto anakula karanga kila siku. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na inafaa kuchagua karanga kavu, zisizo na ukungu, kutoka kwa muuzaji mmoja. Ila gramu 1.2 kwa siku ni kidogo mno ukilinganisha na bakuli la binyebwa analokula dada yake. Hoja hiyo isitumike kumnyima mtoto tiba.

Na Saidi hajapona. Akiacha dozi kwa wiki kadhaa, kinga hiyo inaweza kupotea, naye atairudia karanga akidhani bado analindwa. Hii ndiyo sababu bweni limesubiri: hakuna matroni aliyekubali kushika kopo, na kliniki haikumlaumu.

Familia nyingine mbili zimekwisha kuomba. Mmoja wa watoto hao anaishi mitaa miwili kutoka kliniki na ameanza na matibabu ya pumu. Wa pili anatoka kijiji ambacho mvua ikinyesha boda boda haipiti, na simu hushika kwenye mti mmoja. Kliniki ilikataa kumwanzishia. Amepewa sirinji mbili zilizojazwa, mama na mwalimu wake wamefundishwa kwa kuchoma chungwa, na amepangiwa kurudi kila mwezi kubadilishiwa dawa na kupimwa pumzi.